Sharubati ya Kijani kwa Mwenye Mawe ya Figo

Kipeperushi hiki ni kwa familia ambayo mmoja wao amewahi kupata mawe ya figo, au ameshauriwa na daktari apunguze oksaleti katika chakula.

Oksaleti ni nini?
Ni kemikali ya asili iliyomo katika mimea mingi. Ikikutana na kalisiamu ndani ya mkojo, hugandamana ikawa chembe ngumu, na chembe zikikua huwa mawe. Mawe mengi ya figo ni ya aina hii. Hapa Maskati, joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Mwili hupoteza maji kwa jasho, mkojo huwa mzito, na mawe hupata nafasi ya kujijenga.

Kwa nini tahadhari?
Fungu la mchicha likipikwa hugawanywa kwa watu wa nyumba nzima. Likisagwa bichi, huingia lote katika gilasi ya mtu mmoja, naye hunywa kila asubuhi akidhani anajitibu. Kikombe kimoja cha spinachi mbichi chaweza kuwa na miligramu mia kadhaa za oksaleti, ilhali mwenye kufuata mlo huu kwa kawaida huelekezwa asizidi takriban miligramu 100 kwa siku. Madaktari wameripoti wagonjwa ambao figo zao ziliharibika kwa vinywaji vya namna hii.

Uchaguzi wa majani sokoni
• Epukeni: spinachi (sabanikh), mchicha, silq, majani ya bitiruti; na msiongeze lozi.
• Tumieni: saladi (khas), jarjir, kabichi, sukuma wiki, tango (khiyar).

Mchicha ukitamaniwa sana, uchemsheni katika maji mengi, kisha myamwage. Oksaleti hupungua, lakini haiishi. Kwa hiyo uliwe kidogo.

Namna ya kutengeneza (gilasi mbili)
1. Osheni tango 1, majani 4 ya saladi, konzi ya jarjir na tufaha 1.
2. Katakateni, mtie katika mashine ya kusagia pamoja na gilasi 1 ya laban isiyo na chumvi.
3. Kamulieni nusu ya limau, msage. Msitie sukari wala chumvi.

Msiache maziwa kwa kuiogopa kalisiamu. Ikiliwa pamoja na chakula, hukamatana na oksaleti tumboni, zikatoka pamoja kwa njia ya choo kabla ya kufika kwenye figo.

Maji
Isipokuwa daktari amekataza, kunyweni lita 2.5 hadi 3 kwa siku, na zaidi kwa afanyaye kazi juani. Mkojo uwe wa manjano hafifu. Katika Ramadhani, yagawanyeni maji tangu futari hadi daku. Aliyewahi kuugua amwone daktari kabla ya mwezi kuandama.

Muulizeni daktari kwanza
Ikiwa figo zimedhoofika, ikiwa mgonjwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au anameza vidonge vya vitamini C kwa wingi.

Nendeni hospitali mara moja
Kwa maumivu makali ya ubavu au kiuno, hasa yakiambatana na homa, kutapika, damu katika mkojo, au mkojo kuziba.

Si kila kijani ni dawa kwa kila mwili. Chukueni kipeperushi hiki mwendapo kituo cha afya, mkamwonyeshe daktari mnachokunywa.