PSA Imepanda: Picha ya MRI Kwanza, Sindano Baadaye

Baba amepima damu, PSA, kipimo cha tezi dume, imepanda, na nyumba nzima imeshaanza kunong'ona juu ya saratani. Subirini kwanza. PSA hupanda pia tezi dume inapotanuka kwa umri au inapopata maambukizi. Kinachothibitisha saratani ni kinyama kinachotolewa kwenye tezi na kuchunguzwa maabara.

Kwa miaka mingi kinyama hicho kilitolewa kwa kubahatisha. Ultrasaundi humwonyesha daktari tezi ilipo, lakini mara nyingi uvimbe wenyewe hauonekani, basi alichoma sindano sehemu 10 hadi 12 zilizopangwa. Saratani kali iliweza kukwepa sindano, huku kivimbe kidogo kisicho na hatari kikinaswa na mzee akaingizwa kwenye tiba asiyoihitaji. Tiba hiyo humwacha mwingine akivujwa na mkojo au akipungukiwa nguvu za kiume. Si jambo dogo ndani ya ndoa.

Sasa kuna picha ya MRI: hutumia sumaku, haina mionzi. Sehemu yenye shaka hupewa alama 1 hadi 5, na kwa kawaida kuanzia 3 sindano huelekezwa hapo hapo. Utafiti wa PRECISION, uliochapishwa 2018, ulihusisha wanaume 500 katika nchi 11. Saratani yenye hatari iligunduliwa kwa asilimia 38 ya walioanza na MRI. Kwa njia ya zamani ilikuwa asilimia 26. Zaidi ya robo ya walioanza na picha hawakuchomwa sindano kabisa.

Mpangilio una maana: sindano ikitangulia, damu inayobaki kwenye tezi huichafua picha kwa wiki kadhaa. Ulizeni mapema, hata kama MRI iko hospitali ya rufaa tu na gharama yake inauma. Picha ikitoka safi, daktari bado anaweza kutaka kinyama, hasa PSA ikiwa juu sana au ndugu wa damu akiwa amewahi kuugua.

Mwambieni daktari kama mzee ana kifaa cha moyo, chuma mwilini, au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Asiziache kwa uamuzi wake.

Baada ya sindano, damu kidogo kwenye mkojo ni kawaida kwa siku chache. Shahawa zaweza kubadilika rangi kwa wiki kadhaa, na mama naye aambiwe asishtuke. Homa, kutetemeka au mkojo kugoma kutoka: hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane.