Simu Ilipanda Bodaboda

Mwalimu wa michezo, Lusahunga,

Huyo kijana wa kidato cha pili aliyepanda bodaboda na simu mfukoni ili aongoze msimamo wa wiki amenichekesha, na usimfukuze timu. Kakuonyesha mapema kwamba kipimo chako kinavuja.

Unauliza ni programu ipi ya simu ya kupima mbio isiyodanganyika. Hakuna. Simu hupima kwa setilaiti. Chini ya miti au kwenye mizunguko mifupi ya uwanja hukosea kwa mita nyingi tu, na haioni kama mtu anakimbia kwa miguu au amepanda kitu. Mwaka 2025 kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo, Alphonce Simbu wetu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza marathoni kwa muda uleule, 2:09:48, ikabidi picha ya mstarini iamue dhahabu ni ya nani. Wewe unapanga darasa zima kwa simu tatu za kuazima!

Tatizo hasa ni karatasi ya msimamo unayobandika ubaoni. Watano wa juu wanaipenda. Wa mkiani anasomwa na wenzake kila Jumatatu, kwa hiyo anaona heri augue. Ibandue leo.

Badala yake chukua kipimo cha Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, cha mwaka 1968: kila mtu akimbie dakika 12, kisha upime umbali. Simu ya kitochi inatosha kupimia muda. Uwanja uupime kwa kamba na vigingi. Kila mmoja aandike mita zake nyuma ya daftari, arudie baada ya wiki kadhaa. Aliyetoka 1,400 akafika 1,550 ndiye wa kupigiwa makofi.

Programu waachie wanaojiandaa na mashindano ya UMISSETA, maana wao wanataka kujua kasi yao. Ila njia zao zisionekane kwa watu wasiowajua. Mwaka 2018 ramani ya programu ya mbio ya Strava ilikutwa imeanika kambi za kijeshi kwa sababu ya mbio za askari. Sembuse binti anayeanzia mlangoni kwao alfajiri. Na barabara kuu waikwepe, malori ya mpaka wa Rusumo hayapunguzi mwendo kwa ajili ya mazoezi.

Kuhusu wasichana unaosema wanasingizia tumbo, usiharakishe. Mwombe mwalimu wa kike akae nao. Huenda baadhi wako kwenye siku zao na taulo hawana. Wengine wanaona haya kukimbia na sketi huku wavulana wamejipanga pembeni. La sketi unaweza kulipeleka kwa mkuu wa shule wiki hii.