Maana na Matumizi ya Kiambishi -imu katika Istilahi za Isimu

Shabaha: Mwishoni mwa somo hili mwanachuo aweze kueleza maana ya kiambishi tamati -imu na kukitumia katika kuchambua makosa ya wanafunzi.

1. Asili
Istilahi fonimu, mofimu na leksimu zimetoholewa kutoka lugha za Ulaya. Ya kwanza ilitumiwa na Mfaransa Dufriche-Desgenettes mwaka 1873, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya sauti. Baadaye Baudouin de Courtenay aliunda istilahi ya mofimu kwa kufuata mfano huo.

2. Maana
Kiambishi -imu huonyesha kipashio dhahania kinachobainishwa ndani ya mfumo wa lugha mahususi. Foni ni sauti yoyote ya lugha inayotamkwa. Fonimu ni sauti yenye uwezo wa kubadili maana ya neno katika lugha fulani. Vivyo hivyo, katika m-tu, mw-ana na mu-umba kuna mofu tatu, lakini mofimu ni moja: ya umoja katika ngeli ya kwanza. Mofu hizo tatu huitwa alomofu za mofimu hiyo.

3. Matumizi darasani
Katika Kiswahili, /l/ na /r/ ni fonimu mbili, kama inavyothibitishwa na jozi kula/kura na mahali/mahari. Katika Kinyankole kinachozungumzwa Mbarara, na katika Kinyarwanda na Kirundi vinavyosikika katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, sauti hizo hazitofautishi maana. Kisomali nacho hakina /p/. Kwa hiyo Msomali anayejifunza Kiswahili aweza kuandika bata akikusudia pata.

Basi mwanafunzi aandikapo "Bwana harusi amelipa mahali", mwalimu asiharakishe kumhukumu kuwa mzembe. Sikio lake limezoea mfumo mwingine wa fonimu. Kumkata alama pekee hakumfundishi kitu. Mwalimu aanze na mazoezi ya kusikiliza jozi za mlinganuo finyu, kisha kutamka, na mwisho imla.

4. Tahadhari
(a) Si kila neno linaloishia kwa -imu lina kiambishi hiki. Elimu, mwalimu na hata isimu yenyewe ni maneno yenye asili ya Kiarabu. -Imu ndani yake si kiambishi.
(b) Kiambishi hiki hakiambikwi kwenye mashina ya Kibantu. Hutumika katika istilahi zilizotoholewa tu.

Zoezi
1. Eleza tofauti kati ya mofu na mofimu kwa kutumia maneno mti, mwembe na muwa.
2. Tunga jozi tatu zinazothibitisha kwamba /p/ na /b/ ni fonimu mbili katika Kiswahili.
3. Kusanya makosa kumi kutoka madaftari ya wanafunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha. Yapi yametokana na mfumo wa fonimu wa lugha ya kwanza, na yapi ni ya tahajia tu? Toa sababu.