Kusafisha na Kutunza Kinanda cha Mdomo Kilichokwisha Kutumika

Mtu anunuapo kinanda cha mdomo kilichokwisha kutumika, mara nyingi hukuta sauti moja au mbili zimeshuka chini ya kiwango chake. Wengi hukimbilia tupa, wakaukwangua ulimi hadi sauti ipande. Kosa hilo halina marekebisho, kwani madini yaliyokwanguliwa hayarudi. Hapana budi chanzo cha kasoro kijulikane kwanza.

Kinanda kinachozungumziwa hapa ni cha aina ya kromatiki, chenye kitufe ubavuni. Mfano mashuhuri ni Chromonica 270 ya Hohner, kampuni iliyoanzishwa Trossingen, Ujerumani, mwaka 1857. Kina matundu 12 na ndimi 48 za shaba ya manjano. Kila tundu lina ndimi nne: mbili hulia kwa kupuliza, mbili kwa kuvuta pumzi. Kitufe kibonyezwapo, kitelezo kilicho nyuma ya bamba la mdomo huziba njia ya ndimi mbili na kufungua ya mbili nyingine, na sauti hupanda nusu toni. Ikiwa ulimi wa kwanza ulitetema mara 440 kwa sekunde, mwenzake hutetema takriban mara 466.

Ulimi umekazwa kwa ribiti upande wa shina, na ncha yake imeachwa huru. Kasi ya mtetemo hutegemea ugumu wa shina na uzito wa ncha. Uchafu ukiganda nchani, uzito huongezeka na sauti hushuka. Shina likipata ufa kwa kuchoka, ugumu hupungua, na sauti hushuka vilevile. Sikio peke yake haliwezi kutenganisha visa hivi viwili. Aliyekwangua ncha chafu ataona sauti imepanda kupita kiasi siku uchafu utakapodondoka. Aliyekwangua ulimi wenye ufa amejisumbua bure, maana utakatika tu.

Kazi huanzia nje. Skrubu za bamba la mdomo hufunguliwa taratibu, huku kidole kikiizuia springi ya kitelezo isiruke ikapotea. Mate yaliyokauka hapo ndiyo hukifanya kitelezo kigande. Bamba na kitelezo, kwa kuwa ni vya metali, huoshwa kwa maji vuguvugu, sabuni na mswaki, kisha hukaushwa kabisa. Kwa kuwa ala imepita katika kinywa cha mtu mwingine, kupangusa bamba hilo kwa spiriti si anasa.

Kiunzi, hata hivyo, kisitiwe majini wala kuchemshwa. Katika vinanda vya zamani vya 270 kiunzi ni cha mbao ya mpeasi wa Ulaya. Mbao hunyonya maji ikavimba, na ikaukapo husinyaa au kupasuka, hewa ikapata pa kuvujia. Mabamba ya ndimi yamepigiliwa misumari midogo. Yasiposumbua, yaachwe mahali pake. Yakilazimika kung'olewa, kisu chembamba kipenyezwe kidogo kidogo kuuzunguka ukingo wote, na kila msumari urudi katika tundu lake.

Ulimi husafishwa kwa brashi laini iliyoloweshwa spiriti kidogo, huku kikaratasi kigumu kikiwa chini yake. Brashi iende kutoka shinani kuelekea nchani, isirudi kinyume, isije ikaunasa ulimi na kuupinda. Spiriti isifike kwenye gundi ya vilango. Baada ya hapo sauti ijaribiwe upya. Ikiwa imerudi, uchafu ndio uliokuwa mkosaji. Ikiwa bado iko chini, na siku chache baadaye imeshuka zaidi, shina litazamwe kwa lenzi karibu na ribiti. Ufa ukionekana, dawa ni kubadilisha ulimi.

Vilango vilivyotajwa ni vipande vyembamba vya plastiki (zamani vya ngozi) vinavyozuia hewa isipotelee katika mwanya wa ulimi usiolia. Pumzi ya mtu ina joto karibu na nyuzi 37 za Selsiasi na imejaa mvuke. Ikutanapo na bamba baridi, mvuke hugeuka matone, na mvutano wa uso wa maji hukigandisha kilango. Sauti huchelewa, kisha hutoka kwa mlio wa kupasuka. Wengi hudhani ulimi umeharibika. Kukipasha kinanda joto kwapani au mfukoni kwa dakika chache kabla ya kupiga huzuia hali hiyo, na baada ya kupiga hugongwa polepole kiganjani, matundu yakitazama chini, mate yatoke.