Usianze na esi

Ukiketi kucheza kadi Chwele siku ya soko, meza ikiwa ni kreti ya soda iliyopinduliwa, esi isikuwashe mkono. Ndiyo mwavuli wako wa kuzuia 2 na 3 za kuokotesha.

Tuseme juu kuna kopa, nawe umegawiwa kopa 4, kopa 7, kwini ya kopa na esi. Piga kwini, ambayo ni swali, uijibu papo hapo kwa 4: kadi mbili zimetoka kwa mpigo mmoja. Zamu ikirudi, toa esi, itisha kopa, tamka “niko kadi”. Umebaki na 7 ya kumalizia, maana esi haimalizi.

Sheria hutofautiana benchi hadi benchi. Ulizeni kabla ya kuchanganya.