Sindano ya Uzito Haitaki Pupa

Mwezi wa kwanza wa sindano ya kupunguza uzito huwavunja moyo wengi. Mtu amejichoma wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mizani haijasogea; wali bado unamwita. Hapo ndipo wazo la kuongeza dozi humjia, na hapo ndipo ningependa kumshika mkono.

Chukua semaglutidi, dawa inayouzwa kwa jina la Ozempic kwa wenye kisukari na Wegovy kwa wenye unene uliopitiliza. Wegovy huanza na miligramu 0.25 mara moja kwa wiki. Kiasi hicho hakikuwekwa ili upungue. Kimewekwa ili tumbo lizoee. Kila baada ya wiki nne hupanda: 0.5, kisha 1, kisha 1.7, ndipo 2.4. Dawa hii huiga homoni inayotolewa na utumbo baada ya kula: huutuliza ubongo usiendelee kudai chakula, na hukichelewesha chakula kutoka tumboni. Ukiruka ngazi, unaweza kutapika na kuharisha hadi mwili ukaukiwe maji, na figo zikaumia. Kichefuchefu kikikuzidi, mwombe daktari akubakize kwenye dozi hiyo hiyo kwa muda zaidi. Hujashindwa, mwili wako ndio unaotaka muda. Na ukikosa sindano wiki mbili au zaidi, usirudi moja kwa moja kwenye dozi kubwa kabla ya kumuuliza daktari.

Mezani, anza na samaki, mayai au maharage ili upate protini, kwa sababu uzito unaposhuka misuli nayo hupungua. Wali ufuate, kidogo. Acha kula mara unapohisi umeshiba, hata kama sahani haijaisha na mwenyeji anakusihi uongeze. Vyakula vya mafuta mengi ndivyo vinavyochafua tumbo zaidi, hasa siku mbili tatu baada ya sindano. Kunywa maji ingawa kiu haikusumbui. Kama unakusudia kufunga Ramadhani, zungumza na daktari mapema, maana kutapika na kukosa maji kutwa nzima ni hatari.

Daktari huyo ajue yote kabla ya sindano ya kwanza: kama umewahi kuugua kongosho, kama kwenu kuna mtu aliyepata saratani ya tezi ya shingo, kama unatumia insulini au glibenklamidi. Mojawapo ya dawa hizo ikikutana na sindano hii inaweza kuishusha sukari kupita kiasi, kwa hiyo huenda ikahitaji kupunguzwa. Mwanamke anayetaka kushika mimba aache semaglutidi angalau miezi miwili kabla. Anayetumia sindano nyingine ya aina hii, tirzepatidi, yaani Mounjaro, ajue kwamba vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kupungua nguvu: atumie kinga nyingine kwa wiki nne baada ya kuanza, na wiki nne kila dozi inapopanda. Ukitakiwa kufanyiwa upasuaji, mwambie mtaalamu wa usingizi kwamba unatumia sindano hii, maana chakula hukawia tumboni.

Sasa kalamu yenyewe, yaani kifaa cha kujichomea chenye dawa ndani. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Bandia inaweza kukosa dawa kabisa, au ikawa na insulini ndani yake. Kwa hiyo usinunue kwa mtu wa mtandaoni anayekuletea chupa na bomba la sindano kwenye mfuko. Nunua kwenye famasia iliyosajiliwa, kwa cheti cha daktari. Kagua namba ya toleo na tarehe ya kuisha, na dawa iwe angavu isiyo na rangi.

Kalamu ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Ikiganda, itupe, hata kama baadaye imeyeyuka. Ozempic iliyokwisha kuanza inaruhusiwa kukaa nje ya friji hadi siku 56, ila joto lisizidi nyuzi 30, na Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Januari joto hupita hapo. Irudishe kwenye friji tu. Sindano iwe mpya kila mara, nawe hamisha mahali pa kuchoma: tumbo, paja, mkono wa juu. Kalamu usimwazime mtu, hata dada yako, hata ukibadilisha sindano, kwa sababu damu inaweza kurudi ndani.

Piga pia hesabu ya fedha ya mwaka mzima kabla ya kuanza. Fedha zikikuishia ukaiacha dawa, uzito hurudi: katika utafiti mmoja, ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutidi, watu walirejesha takriban theluthi mbili ya uzito waliokuwa wamepoteza.

Maumivu makali ya tumbo yasiyokoma, hasa yanayopenya hadi mgongoni, au macho kuwa ya njano, hayasubiri siku ya kliniki. Usijichome tena. Nenda hospitali usiku huo huo, na ubebe kalamu pamoja na boksi lake.