SOMO LA ROBO HII: PICHA MBILI ZA KORONGO MOJA



Katika Mwanzo 2:15 mwanadamu alikabidhiwa bustani ailime na kuitunza. Huko Kondoa ardhi ililimwa na kulishiwa mifugo kupita kiasi, na maji ya mvua yakachimba makorongo makubwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 Serikali iliondoa mifugo katika eneo lililoharibika zaidi, na majani na miti vikarudi.

Ukilinganisha picha ya korongo tupu na ya korongo hilohilo likiwa na majani, utafurahi. Lakini picha hizo hazimwonyeshi mfugaji aliyehamisha ng'ombe wake, wala familia iliyokosa maziwa na samadi.

Kazi ya kamati:

1. Pigeni picha ya korongo moja kabla na baada ya mvua, mkisimama mahali palepale.
2. Mtu asimame kando ya korongo ili ukubwa wake uonekane.
3. Andikeni tarehe, na nani amepata hasara.

Swali la kujadili: Katika picha tunazowatumia wafadhili, ni nani haonekani?